Mianzi ya Marehemu Nahumu

Mwanangu Danford aliacha pombe mwezi wa pili, wakati ulanzi, pombe ya maji ya mianzi, umejaa kila kilabu hapa Njombe. Zahanati walimwekea programu kwenye simu. Kila jioni inamuuliza kama amekunywa, inamhesabia siku. Mahali pa hatari amepawekea alama, simu ikipakaribia inalia. Aliiwekea alama hata mianzi yetu kule bondeni, maana ulanzi wake ndio uliomzika baba yake, Nahumu. Akilala, simu nakaa nayo mimi, asije akashawishika kuizima.

Siku ya arobaini alikwenda kukata majani ya ng'ombe, akarudi mikono mitupu. Chipukizi la mwanzi limekatwa, chombo kimetegwa, ulanzi unadondoka. Nasi tunajua, chipukizi lisiponyolewa kila siku linakauka. Basi kuna mkono unaolinyoa. Na mkato ulikuwa wa mshazari, mkato wa Nahumu.

"Si mimi, mama," alisema. "Nimenusa tu, nikakimbia. Kesho sijui kama nitakimbia."

Nilivaa buti nikaenda kumwaga, nikapiga magoti palepale nikasali. Kesho yake chombo kimejaa tena. Nikamshuku, Mungu anisamehe, nikamtaka afungue simu tuone. Ile programu inaandika kila ilipolia. Ilikuwa imelia mianzini siku tisa mfululizo, saa kumi na moja alfajiri.

Danford alinitazama.

"Mama, saa hizo simu unayo wewe."

Nilitaka kumwambia aache utani. Nikainamia miguu yangu. Kati ya vidole kulikuwa na tope jeusi la bondeni, limekauka. Miaka thelathini mimi ndiye niliyemwamsha Nahumu saa kumi na moja, nikatangulia na kisu.

Siku ileile nikamwachia simu yake, nikamwambia afyeke mianzi yote, nikapanda gari kwenda Makambako kwa mdogo wangu Idda. Danford amefyeka. Jana alinipigia, siku ya sitini na mbili, sauti yake kavu na safi. Alitaka kuja kunichukua. Nikamkataza.

Kwa Idda ni saruji tupu, hakuna hata mwanzi mmoja. Usiku anafunga mlango, ufunguo anaulalia. Ila asubuhi tukishikana mikono kusali, ananiuliza kwa nini vidole vyangu vinanukia ulanzi mbichi.