Viti Vilivyokuja Vyenyewe

Asubuhi, baada ya chai, muuza vitambaa aliyeacha kazi alishika mgongo wa sofa kwa mikono miwili, akaupeleka mguu wa kulia pembeni, akaurudisha. Nyonga yake mpya haikulalamika. Lililolalamika ni paja. Maumivu yalianzia juu kidogo ya goti, yakapanda polepole kama mtu mwenye mizigo ngazini, na yalipofika katikati, kiti cha jikoni kilitoka jikoni, kikapita koridoni, kikasimama nyuma yake.

Akakaa.

"Umekileta wewe, baba watoto?"

Mumewe alichungulia kutoka bafuni. "Mimi nina povu usoni."

"Basi kimekuja chenyewe," akasema, na kila mmoja akaendelea na shughuli yake.

Mara iliyofuata kilikuja kiti cha plastiki kutoka kwa jirani wa ng'ambo ya barabara. Jirani mwenyewe, aliyekuwa amekikalia, alibaki amechuchumaa na gazeti lake mkononi. Alikuja kukidai, akaelezwa habari za paja, akatoa pole. Aliomba tu siku nyingine apigiwe hodi kwanza.

Daktari wa mazoezi alikuwa binti mwenye sauti laini na vidole vigumu. Alilibonyeza paja kuanzia juu hadi chini.

"Hapa?"

"Hapo hapo, mwanangu. Usirudie."

"Nyonga yako ni nzima, mama, picha inaonyesha. Ila ulichechemea muda mrefu kabla ya upasuaji, na misuli hii ikajilalia. Sasa unaiamsha kwa pupa. Ikiuma, pumzika. Maumivu yakiwa bado yapo kesho yake, ujue umezidisha."

"Na viti?"

Binti alifikiri. "Vinatoka mbali?"

"Cha jana kilivuka barabara."

"Basi umezidisha sana. Vikianza kutoka chumba cha pili tu, tutaongeza mazoezi."

Mama aliitikia vizuri, lakini akirudi nyumbani alikuwa hasikii la mtu. Alitaka kufika kwa miguu yake kwenye duka alilouzia vitambaa. Kazi yake pale ilichukuliwa na mdogo wake, na mdogo wake alikuwa akija kumtembelea siku za mapumziko akiwa na miguu iliyovimba kama mikate. Duka lile lilikuwa na sheria moja isiyobadilika: nyuma ya kaunta hakikai kiti. Mama aliingia pale msichana, akapima na kukata vitambaa kwa kusimama mpaka nyonga ikasagika.

Kwa hiyo siku moja aliukunja na kuunyanyua mguu mpaka jasho likamtoka, na paja likawaka moto. Mlango wa nje ukasukumwa. Kikaingia kiti kikubwa cha ngozi nyeusi, chenye magurudumu, vumbi la njia nzima likiwa limekiganda miguuni. Alikitambua papo hapo. Alikuwa amekitazama kupitia kioo cha ofisi ya bosi ujana wake wote.

Akakikalia. Kilikuwa laini kuliko alivyodhani.

Bosi alifika kabla ya chakula cha mchana, akitembea, kofia mkononi.

"Shikamoo mama. Nimefuata kiti changu."

"Marahaba. Kaa kwanza, unywe chai."

Alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, pale sebuleni, akanywa vikombe viwili. Mama akamwambia, "Wape wale wasichana vya kukalia, hata vigoda. Unaona nilivyofanywa."

"Wewe ni kama dada yangu, nakuheshimu," alisema bosi, naye alikuwa anasema kweli. "Lakini mteja akimkuta muuzaji amekaa, anaona anadharauliwa. Biashara ndivyo ilivyo."

Akashukuru kwa chai, akakisukuma kiti mpaka barabarani na kuondoka nacho. Tangu siku hiyo akawa anaifunga ofisi kwa kufuli.

Mama naye akapunguza. Alinyanyua mguu mara chache, akapumzika, akaunyanyua tena. Aliweka barafu iliyofungwa kwenye taulo, na jioni alizunguka ua akiwa ameshika mkono wa mumewe, wakibishana kuhusu mambo ya zamani na kucheka. Viti vikaanza kuchelewa. Kikawa kinakuja cha jikoni tu, tena kwa kujivuta, na asubuhi moja alimaliza mazoezi yote bila kitu chochote kusogea nyumbani. Mumewe alimpigia makofi, mswaki mdomoni.

Alivaa viatu bapa, akachukua fimbo, akaenda dukani. Njiani alisimama pale alipotaka kusimama. Paja lilinung'unika kidogo, kisha likanyamaza.

Dukani palikuwa na wateja. Mdogo wake alikuwa akipima pazia, mkono mmoja kwenye mita, mwingine kiunoni. Kutoka ofisini kulisikika kitu kikigonga mlango kwa ndani. Hakuna mteja aliyegeuka.

"Karibu, dada. Umekuja kwa miguu?"

"Kwa miguu yote miwili. Ni nini hicho?"

"Kiti cha bosi. Kinagonga tangu paja lilipoanza kuniuma." Akakata kitambaa, akakikunja vizuri. "Jana kiligonga mpaka tunafunga."

Mama alizunguka kaunta, akaweka fimbo chini, akasimama sawasawa upande wa kushoto wa mdogo wake. "Niegemee."

"Nyonga yako je?"

"Ni mpya. Egemea."

Mdogo wake akaegemea. Bosi, aliyekuwa mlangoni akipokea majora ya vitambaa, aliwatazama muda mrefu, akijaribu kukumbuka sheria inayokataza. Hakuipata. Mteja aliyefuata alitaka mita tatu za rangi ya samawati, wakampimia pamoja.