Hadubini za Kuazima

"Shusha polepole, Docho. Ukiangusha moja nakuzika nayo," Nevena, mtunza stoo, alinong'ona, macho yakiwa kwenye ngazi za kushukia stoo.

Docho, fundi wa maabara ya biolojia, alicheka huku akipanga hadubini mezani. "Tulia, Shangazi. Mimi sikuwapo, lakini hizi wakaguzi walishazihesabu kwetu jana, hawazirudii tena. Mwaka juzi si ninyi mliotuazima friji? Wakahesabu, wakaenda zao."

Ni kweli, chuoni pale mambo yalikwenda hivyo miaka nenda miaka rudi. Desemba, fedha za serikali zikikaribia kufa na mwaka zisipotumika, mtunza stoo husaini kwamba vifaa vimepokelewa, navyo huja Januari, theluji ingali magotini. Safari hii Nevena alisainia hadubini kumi na mbili. Sasa ilikuwa Juni, cheri zimejaa sokoni, na hadubini hata harufu yake hakuna. Muuzaji hapokei simu.

Na kinachopungua stoo hulipa mtunza stoo, si aliyemwagiza. Nevena alikuwa na nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya saba, mume ambaye miguu ilishamkataa, na mwaka mmoja tu kabla ya pensheni. 

Docho alipoondoka, akaingia Profesa Lyutskanov, naibu mkuu wa kitivo, ananukia marashi, viatu vyeusi viking'aa. Ndiye aliyemwambia asaini; ndiye pia aliyebuni huku kuazima.

"Nevena, mama, uso huo utatuponza. Tabasamu kidogo."

"Wakijua je, Profesa?"

"Watajuaje? Hadubini zinaongea?"

Mkaguzi alikuja peke yake, Bi. Tsanova, mwanamke mfupi mwenye mafua. Akatoa mkobani kichupa cha rangi ya kucha.

"Msinicheke. Ofisi haitupi rangi. Kila nikihesabu kitu naweka tone chini yake, nisije nikakihesabu mara mbili. Jana kule biolojia walidhani nimekuja kuwapamba."

 Mkaguzi alipogeuka kupenga kamasi, Nevena akainua hadubini ya kwanza, akapitisha kidole chini. Kikagusa kidonge kidogo, kigumu, cha rangi. Akakikwangua kwa ukucha. Hakitoki. Na zilikuwa kumi na mbili.

Profesa alimwona, akaelewa papo hapo. Akamsogelea sikioni. "Usimwache azigeuze. Na akigundua, aliyeazima ni wewe. Mimi sina habari."

Lo, mtu huyu! Hofu ya asubuhi ilikuwa angalau na watu wawili wa kuibeba. Hii alitupiwa peke yake. Akamfikiria mumewe pale dirishani, akisubiri supu, hajui lolote.

"Tuanze?" Bi. Tsanova aliuliza, akifungua kichupa.

"Hizi si zetu," Nevena alisema. Sauti ilitoka nyembamba, hata yeye hakuitambua. "Zigeuze. Utaona tone lako."

Mkaguzi hakugeuza kitu. Alimtazama Profesa.

"Msamehe," Profesa alisema, akitabasamu. "Mumewe mgonjwa. Hajalala huyu."

"Kweli sijalala," Nevena alisema. "Sijalala tangu Desemba."

Profesa akatoa simu ambayo haikuwa imelia, akaiweka sikioni, akatoka na kuufunga mlango nyuma yake.

"Zenu ziko wapi, mama?"

 Nevena akatangulia hadi nyuma kabisa ya stoo, akawasha taa. Rafu ilikuwa tupu, imetandikwa karatasi mpya. Kila Ijumaa alikuwa akiifuta vumbi, maana mzigo ungeweza kuja wakati wowote.

Bi. Tsanova aliitazama ile rafu. Kisha akamvutia kiti.

"Kaa. Anza na nani alikuambia usaini."

"Nyumba yangu wataichukua?"

"Sijui," mkaguzi alisema. "Siwezi kukudanganya. Sema tu."

Nevena akakaa. Akafungua kinywa, akageuka kutazama mlango. Chini yake, kwenye ule upenyo wa mwanga, vilionekana viatu vyeusi vilivyong'arishwa, vimesimama tuli.