Doa Lililokuwa Likitii

Tufani ilipoanza kupiga, Yefim alikuwa ameshatoka kwenda kwenye matangi ya mafuta, na Zahar amebaki mbele ya kioo cha rada akijilaani. Zamu ilikuwa yake! Alisingizia jino linamuuma, na Yefim, fundi wa mitambo, akamcheka: "Haya, mtoto wa mama, ota moto. Naenda mimi." Akajifunga karai la bati mgongoni, kama walivyofanya askari wote wa kituo kile cha rada, huko ncha ya kaskazini, ili rada iwaone barafuni, akachukua redio yake, akatoka. Ilikuwa mchana, ingawa jua halikuwa limeonekana tangu Novemba.

Redio yenyewe ilikuwa ya kusikilizia tu. Upande wa kusemea ulishauawa na baridi. Basi Zahar akawa anaongea peke yake kwenye redio ya kituoni.

"Yefim, umepitiliza, ndugu yangu! Huko ni baharini. Geuka kushoto!"

Kwenye kioo, doa la karai lilikuwa mbali, juu ya bahari iliyoganda. Likasimama. Likageuka kushoto.

"Ee Mungu, asante!" Zahar alitokwa na machozi, mwanamume mzima. "Njoo hivyo hivyo. Ukifa, mkeo Lidia nitamtazama kwa macho gani? Kulia kidogo. Hapo hapo! Supu ya kabichi iko motoni, wewe fika uingie tu."

Doa likaja, wala halikukosea hata mara moja.

Mara mlango wa nyuma, wa kwenye jenereta, ukasukumwa. Akaingia Yefim, ndevu zimeganda, mgongoni hana kitu.

"Upepo umeninyang'anya karai, redio nayo ikaenda! Nimetambaa nikifuata kamba ya kutoka matangini mpaka hapa, nusura nife. Wee, unaongea na nani?"

Zahar akanyoosha kidole. Kwenye kioo, doa lilikuwa linatembea bado, limeshakaribia upande wa mlango wa mbele.

"Dubu huyo," Yefim akanong'ona.

"Dubu gani anajua kushoto na kulia?"

Wakakimbilia mlango wa mbele. Haukuwa na komeo. Huko barafuni milango haifungwi, asije mtu akafia kizingitini. Wakauegemea kwa migongo.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia aingie tu."

Nje, ufagio wa theluji uliotundikwa ukutani ukasikika ukichukuliwa. Kisha wakasikia theluji ikikung'utwa miguuni, taratibu, mguu mmoja, halafu wa pili, kama afanyavyo mgeni mwenye adabu zake.