Wimbo Tuliomtungia Philomène

Sitaficha kitu. Tulimchukia Philomène, na mimi nilikuwa mmoja wa waliomchukia.

Bendi yetu ilikuwa na watu wanne. Wenceslas, karani katika duka la Mreno mmoja, alipiga gitaa la kwanza na ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Mimi, Hemedi, fundi cherehani, mtoto wa watu waliotoka Kasongo, nilipiga gitaa la pili. Alphonse alipiga ngoma. Philomène, binti wa wavuvi wa maporomoko, ndiye aliyeimba. Kila Jumapili mchana tulipiga katika baa moja ya mtaa wa Mangobo, Kisangani, watu wakajaa hadi mlangoni. Kwenye tangazo Wenceslas aliandika "Wenceslas na Vijana Wake". Siku Philomène alipouliza kwa nini jina lake halimo, Wenceslas alimjibu, "Chumvi iko ndani ya mboga, lakini nani anaulizaka jina yake?" Tukacheka sote. Yeye hakucheka.

Mwaka 1955 meli ilipanda mto kutoka Léopoldville, au Léo kama tulivyopaita, na ndani yake alikuwamo mfanyabiashara wa santuri, Mgiriki. Alitusikiliza Jumapili mbili, kisha akamtaka Philomène peke yake. Wapiga gitaa, alisema, anao wa kutosha kule. Philomène aliondoka na meli ileile bila kutuaga.

Baada ya miezi mitano santuri ikafika. Wimbo ulikuwa ule wa mwanamke aliyeachwa na mume aliyekwenda kutafuta dhahabu Bafwasende. Tulikuwa tumeutunga pamoja barazani kwangu, kila mtu akileta mstari wake. Kwenye santuri kulikuwa na jina moja tu.

Kila mwenye gramafoni aliupiga. Hata kwetu baa watu walianza kupaza sauti: "Pigeni wimbo ya Philomène!"

Wenceslas akasimamisha gitaa. "Wimbo ya nani?"

"Ya Philomène!"

Alikataa kuupiga, na nusu ya watu wakatoka. Wiki hiyohiyo alikuja kwangu na karatasi mfukoni. Alikuwa ametunga wimbo mpya, na kila mstari ulikuwa tusi. *Philomène, mwanamke wa meli, nani alikuoa Léo? Ulikula kwetu, ukanawa kwingine.* Maneno yalikuwa yake, lakini sauti ya gitaa inayoyabeba, ile iliyowafanya watu washindwe kuusahau, niliitafuta mimi. Niliipata nikiwa nimekaa kwenye cherehani, nikafurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Wimbo ulienea upesi. Wanawake sokoni waliuimba nyuma ya mama yake Philomène, aliyekuwa akiuza samaki. Siku moja mtu fulani alipindua kikapu chake, samaki wakamwagika mchangani, na hakuna aliyemsaidia kuokota. Niliposikia habari hiyo nilicheka. Ndiyo, nilicheka.

Philomène alirudi wakati wa mvua za 1957. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akakaa huko siku tatu. Jumapili, saa kumi za mchana, tulikuwa katikati ya wimbo wetu wa matusi alipoingia baa. Alipita kati ya wachezaji bila kumgusa mtu. Wenceslas alimwona, akaimba kwa nguvu zaidi. Watu wakarudi nyuma, wakingoja ugomvi. Philomène akapanda jukwaani.

"Toka," Wenceslas akamwambia. "Hapa hapana kwako."

"Nimekuja kuimba wimbo yangu."

"Yako iko Léo!"

"Hapana. Hii hapa. Jina yangu iko ndani, ao sivyo?"

Akamnyang'anya kipaza sauti. Wenceslas aliacha kupiga, Alphonse akaacha, lakini vidole vyangu havikuacha. Sijui kwa nini. Philomène akaanza mstari wa kwanza, taratibu, kwa sauti ya chini, na hakuruka tusi hata moja. Pale Wenceslas alipokuwa akitema, yeye alisema tu, kama mtu anayeeleza msiba wake. Mwishoni akaongeza mstari ambao hatukuutunga: *Kikapu cha mama kimepinduka, nani alicheka?*

Hakuna aliyecheza. Wanawake wawili karibu na kaunta waliinamisha vichwa.

Wenceslas alimsukuma, nusura aanguke kutoka jukwaani. "Ukiimba hii tena, nakuvunja meno!"

Philomène akajinyoosha. "Wimbo iko muzuri, Wenceslas. Nitaipigisha disque."

Tulidhani kusema atautia kwenye santuri ni hasira tu. Mwaka uliofuata santuri ikaja, na kwenye karatasi ya katikati iliandikwa: *Ameimba Philomène. Ametunga Wenceslas.*

Kisangani nzima iliinunua. Sasa kila tusi lilikuwa na mwenyewe, na mstari wa kikapu nao watu waliuhesabu kuwa wa Wenceslas, kana kwamba alijivunia. Wateja dukani walimsalimu kwa maneno yake mwenyewe. Jumamosi moja wavuvi sita, ndugu za Philomène, walisimama mbele ya nyumba yake tangu asubuhi, makasia mikononi. Wenceslas hakutoka. Mwezi huohuo alimwomba Mreno ampeleke kwenye duka lake la Banalia, mbali na mji. Alphonse akahamia bendi nyingine, nami nikabaki na cherehani.

Nilikutana na Philomène mara moja tu, mwaka 1959, kwenye gati la kivuko cha kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto. Nilikuwa nimeandaa maneno kwa muda mrefu, lakini yalitoka ovyo.

"Philomène, ile mambo ya mama... kikapu ile... unisamehe."

Alinitazama, akaniita kaka kama zamani. "Yaya Hemedi, ile sauti ya gitaa, njo weye uliitafuta?"

"Njo mimi," nikakubali.

"Nilijua. Bila ile, batu hawangeshika wimbo." Akageukia kivuko. "Mama hakurudi sokoni mpaka alikufa. Usinisalimie tena."

Akapanda kivuko, akasimama ukingo wake wa mbali, akinipa mgongo. Palikuwa na nafasi ya kutosha, lakini sikupanda. Niliwaacha waondoke, nikangoja kivuko kinachofuata.