Sehemu ya Kyungu

Kwa miaka sitini Mama Pétronille hakuwahi kumaliza sahani yake. Kila mlo aliigawa bukari, ugali wa kwao, kwa kidole, akala upande mmoja, wa pili akauacha upoe. Watoto wake walipomtania kwamba ana tumbo la kifaranga, alicheka nao. Sababu aliijua mwenyewe, na hakumwambia mtu.

Jumamosi hiyo alikuwa Kalemie. Binti yake Laurette, mwalimu pale mjini, alimtoa Moba kwa boti aje apumzike siku mbili.

"Leo makumbusho, Mama. Kesho kisha misa tutakula ku restora, kama watalii!"

Makumbusho yenyewe ni vyumba viwili tu, wala havina hata mwaka tangu vifunguliwe. Mlinzi wake, Valère, ni mtu wa kitambaa: ukigusa kioo kwa kidole, hujakishusha keshafika kupangusa. Mama alipita nyavu za zamani, akapita ngoma na mikuki, akiitikia tu ili kumridhisha binti. Mbele ya kabati la mwisho akasimama.

Ndani ya kioo alisimama mtoto wa mti, mdogo, kisigino cha kushoto kimeungua. Kikaratasi kilisema: "Sanamu, kutoka misheni. Mwenyewe hajulikani."

"Ni mimi nilimuchoma," alisema Mama. "Tulikuwa tunacheza, akaniponyoka, akaanguka ku moto."

"Nani, Mama?"

"Kyungu. Pacha yangu."

Akaeleza palepale, amesimama. Walizaliwa wawili, Kyungu na yeye, ambaye nyumbani aliitwa Kapya. Kyungu akafa hata kutambaa bado. Mama yao akachongewa sanamu, kama ilivyokuwa desturi kwa mapacha, na kila alichopewa Kapya, Kyungu naye alipewa. Mmoja akiogeshwa, wa mti naye anaogeshwa. Mmoja akila, wa mti anapakwa bukari mdomoni. Kapya alipofika miaka tisa, katekista akasema mtoto mwenye sanamu nyumbani hapati komunyo ya kwanza. Gauni jeupe lilikuwa limeshashonwa, na mama yao yuko shambani. Basi Kapya akamfunga dada yake kwenye kikwembe, akampeleka kwa katekista kwa mikono yake.

"Nilimutoa ndugu yangu juu ya ile robe nyeupe," alisema. "Mama aliniuliza mara moja tu. Nikamujibu wezi walimubeba. Alikufa akimutafuta."

Laurette alimshika mama yake mkono, wakatoka.

Jumapili, kwenye restora ya kando ya ziwa, waliletewa samaki kuhe wa kuchoma, bukari na sombe ya majani ya muhogo. Mama hakula hata tonge. Aliomba kopo lenye kifuniko, akatia vyote ndani.

"Boti inaondoka saa tisa, Mama."

"Basi tutembee mbio."

Kule makumbusho, Valère alipoona kopo alishtuka. "Mama, chakula hakiingie humu. Na ufunguo ya kabati iko na directeur, hayuko."

"Sikuombe ufunguo, mutoto wangu. Nataka kula naye tu."

Akaketi sakafuni, uso kwa uso na kabati. Akamega tonge, akalichovya kwenye mafuta ya samaki, akalibandika kwenye kioo, sawasawa na mdomo wa Kyungu.

"Dada, ni mimi nilikutoa," alisema. "Hakukuwa wezi." Kisha akalia, bila kujificha, kilio alichokibana tangu utoto.

Tonge lilidondoka, likaacha alama ya mafuta kwenye kioo. Valère akatoa kitambaa, akasogea. Aliitazama alama, akamtazama mama wa watu pale chini, akakirudisha kitambaa mfukoni.

"Kesho tunafunga, Mama," alisema polepole. "Nitapangusa siku ya mbili."

Mama Pétronille akapangusa macho kwa kikwembe, akavuta kopo, akaanza kula. Laurette alipolipokea ili wakimbilie boti, alilikuta tupu.