Meza Iliyoinama

Mkwe wangu hakuwa na pazia, hakuwa na saa ya ukutani, hakuwa na viti viwili vinavyofanana, wala mlango wa chumbani. Aliung'oa akaufanya meza ya kuchorea. Hayo niliyaandika siku ya kwanza, katika barua ambayo mke wangu alikuwa akiingoja. Alinituma nikatazame hali ya binti yetu, na nikiiona mbaya, nirudi naye.

Lakini sikuituma upesi. Nyumba ile ilinivuta. Kila kidato cha ngazi kilikuwa na rangi yake. Gundi ilichemka jikoni kando ya maharage. Miswaki ilikaa kikombe kimoja na brashi za rangi, na hakuna aliyekosea.

Siku ya tatu walitoka. Meza ile ilikuwa imeinama, nami ni seremala wa miaka arobaini. Nikakata miguu miwili iliyozidi, nikaweka pima maji. Ikatulia kama maji mtungini.

Waliporudi, binti alimimina rangi juu ya karatasi mezani. Rangi ikasimama.

"Baba, meza umeifanya nini?"

"Nimeinyoosha."

Mkwe aliketi juu ya ndoo, akacheka mpaka akafuta macho. "Mzee, ule mwinamo tuliutafuta miezi miwili. Mwenzangu humimina, rangi ikateremka inakotaka, mimi nikaifuata na brashi. Ndiyo kazi yetu."

"Hukuuliza, baba," binti alisema. "Hata mwandiko wangu wa utotoni uliunyoosha bila kuuliza."

"Mwache," mkwe akasema. "Fundi haoni kombo akalala."

Nikauliza basi: mwinamo kiasi gani? Binti akanipa gololi. Ikitoka juu, ifike ukingoni kwa hesabu ya saba.

Nikapunguza miguu ya mbele kidogo kidogo. Kumi. Tisa. Sijawahi kupindisha kitu kwa uangalifu namna ile. Saba.

Binti akamimina. Rangi ikateremka, mumewe akaifuata, na hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Nilisimama pale mpaka miguu ikaniuma.

Barua ya kwanza niliichana. Nikaandika nyingine: "Mama watoto, chumba chao hakina mlango. Nawachongea mmoja, kisha narudi peke yangu. Mwanao yuko kwake."

Nikaifunga bahasha kwa gundi ya jikoni, nikaenda posta mwenyewe.