Hapa Pana Mtu

Jumanne ya mwanzo ya mwezi wa sita, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Ruba alifungua geti la nyumba yao ya Azaiba, mjini Maskat, ili atoe gari aende kazini, akakuta baraza nje. Lilikuwa baraza la mawe na chokaa, refu la kutosha watu wawili na kikapu, limegandamana na ukuta upande wa kushoto, mahali ambapo Jumatatu palikuwa na pipa la taka tu. Pipa lenyewe lilikuwa limesogezwa kando kwa adabu. Juu ya baraza, upande mmoja, alikaa bibi mwembamba aliyejitanda kanga, miguu yake haifiki chini.

"Hii ndiyo nyumba ya Muhsina binti Ghanim?"

"Ndiyo hii, bibi. Shikamoo. Mimi mjukuu wake."

"Marahaba. Nnaiona pua. Mwambie Mwanamize wa Unguja kaja. Mwambie na pahala pake nnapo."

Ruba akamkaribisha ndani, kwenye ubaridi. Mwanamize akakataa.

"Nikinyanyuka, nani atapashika?"

Akaweka kiganja juu ya nafasi tupu iliyokuwa ubavuni mwake. Hapo Ruba akaona kwamba upande aliokaa yule bibi chokaa ilikuwa imebonyea kama bakuli, na upande wa pili ulikuwa bapa, kana kwamba umepakwa jana.

"Umefika lini, bibi?"

"Alfajiri. Nimefariki Jumatano iliyopita, ndipo nikapata nafasi ya kusafiri. Nilipokuwa hai niliomba viza mara mbili, na kila mara pakakosekana karatasi moja."

Ruba akampa pole. Mwanamize akashukuru, akaongeza kwamba hakuumwa sana.

Bibi yake Ruba, Bi Muhsina, alikuwa sebuleni chini ya kiyoyozi, anakunywa kahawa peke yake kama alivyokuwa akinywa kwa miaka tisa, tangu afiwe na mumewe. Alipoambiwa mgeni ni nani, hakushtuka. Aliuliza tu, "Kaja na nini?"

"Na baraza."

Bi Muhsina akatua kikombe. "Mwambie nimelala."

"Bibi, mbona umekaa?"

"Basi mwambie nimekaa nimelala."

Ruba akarudi nje, akautoa ujumbe kama alivyopewa. Mwanamize akasema hapana neno, yeye hana haraka tena. Gari lilipita kati ya baraza na nguzo ya taa baada ya kukunjwa kioo cha pembeni.

Kazi ya Ruba ilikuwa kulinganisha miji. Alikuwa amehitimu mwaka uliopita, na ofisi ndogo ya washauri ilikuwa imempa mkataba wa mwaka mmoja atayarishe ripoti ya miji kumi na miwili ya Bahari ya Hindi: upi unakalika na upi haukaliki. Aliipenda kazi hiyo kwa moyo wake wote. Aliamini kwamba mji ukionyeshwa makosa yake kwa tarakimu, utajirekebisha. Jedwali lake lilikuwa na safu ya maji, ya umeme, ya hospitali, ya barabara, ya bustani na ya majumba ya sanaa. Maskat ilikuwa ya pili, Durban ya nne, Mombasa ya saba.

"Na Unguja?" Mwanamize alimwuliza alasiri hiyo, Ruba alipomletea maji.

"Ya kumi, bibi."

"Kwa lipi?"

"Mifereji. Na umeme unakatika."

"Ah, mifereji ni kweli," alisema Mwanamize, ambaye hakuwa mtu wa kubisha la haki. "Na hapa kwenu, mtu akitaka kukaa nje na mwenziwe wakazungumza, hukaa wapi?"

Ruba akafikiri. "Matrah, kando ya bahari. Kuna mabenchi mazuri."

"Mbali?"

"Nusu saa kwa gari."

"Na mkongwe asiyeendesha gari?"

Jedwali halikuwa na safu hiyo.

Siku ya pili ndipo aliposimuliwa. Mwaka ule ambao jamaa nyingi ziliondoka Unguja, Muhsina na Mwanamize walikuwa na miaka kumi na miwili kila mmoja. Kila alasiri walikaa juu ya baraza hilo, nje ya nyumba ya akina Muhsina, wakichambua mchele wa usiku na kuwasema wapita njia. Asubuhi ya safari, Muhsina alimwambia shoga yake, "Nakwenda narudi. Nishikie pahala pangu." Mwanamize akasema inshallah. Nyumba ikagaiwa watu, na vyumba viwili vya chini akapewa mama yake Mwanamize. Tangu siku hiyo, kila alasiri, Mwanamize alikaa upande wake, na kila aliyetaka kukaa upande wa pili alimwambia, "Hapa pana mtu."

"Watu hawakukucheka?"

"Walinicheka mpaka wakazeeka. Hata marehemu mume wangu alikaa juu ya ndoo." Akatengeneza kanga yake. "Sasa nyumba ni hoteli. Sisi tukatolewa, barazani wakatia mito, na askari wa kuwaambia majirani wapite. Nikasema, haya, Muhsina akija atakaa wapi? Siku niliyokufa nikapita kulichukua."

Mtaa ule Ruba alizaliwa humo, na majirani aliwajua kwa magari yao. Jumatano jioni, Bi Wadha wa nyumba ya mbele alitoka na dele la kahawa, na ikabainika kwamba amekaa pale miaka kumi na moja na ana kisukari. Alhamisi wakatoka wengine watatu, na mmoja wao akaleta halua. Walikuja na viti vyao, kwa sababu kila mmoja alijaribu kukaa kwenye ile nafasi na kila mmoja aliambiwa pana mtu. Ndani, Bi Muhsina aliongeza sauti ya televisheni.

Alhamisi hiyohiyo alikuja pia mkaguzi wa majengo, kijana mpole aitwaye Badr, ambaye mama yake alizaliwa Bujumbura na alimlea kwa Kiswahili. Alilipima baraza kwa utepe, akatazama huku na huku akitafuta mahali pa kuandikia, asipate, akaomba ruhusa akachuchumaa akaiweka fomu juu ya baraza lenyewe, upande wa Mwanamize.

"Samahani, bibi. Limejengwa nje ya mpaka wa kiwanja, bila kibali."

"Halikujengwa, mwanangu. Limekuja."

Badr akaisoma tena fomu yake. "Hapa pameandikwa kujengwa tu. Litavunjwa Jumatatu."

"Basi mpaka Jumatatu," alisema Mwanamize, akammiminia kahawa.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, jamaa walikaa kama kawaida yao wakaanza kuipanga miji, kazi ambayo katika nyumba ile ilifanywa bure miaka mingi kabla Ruba hajalipwa kuifanya. Alianza Mzee Saeed, mkwe wa nyumba, mzaliwa wa Tabora.

"Nyinyi watu wa visiwani mnaijua miji miwili tu: ule mlioukimbia na ule mliokimbilia. Mji ni Tabora. Asali mpaka nyuki anaomba likizo."

Wote wakamgeukia Bi Muhsina. Hapo ndipo husema kwamba Tabora si mji, ni stesheni. Kisha huhukumu: Mombasa watu wapo, usafi haupo, Dar es Salaam joto na haraka, Salala pazuri miezi miwili. Na hukumu yake ya mwisho, ambayo watoto wa nyumba ile waliijua kwa moyo kabla ya kujua kusoma, ilikuwa: "Unguja hakukaliki."

Siku hiyo hukumu haikuja. Alikuwa akiutazama mlango.

"Mama, Tabora inapita hivihivi?" Mzee Saeed alitania. "Leo nimeshinda?"

"Kivuli cha ukuta," alisema Bi Muhsina, "humfika saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu," Ruba akajibu. "Kabla ya hapo yuko juani."

Jumamosi Bi Muhsina alimwita mjukuu wake chumbani, akamwambia afunge mlango.

"Nilirudi," alisema. "Mwaka wa tisini na sita, mimi na babu yako, siku nne. Tukakodi gari, jeupe. Nikamwambia dereva apite mtaani kwetu pole pole. Nikamwona. Kakaa pale pale, kanga imepauka, na ubavuni kwake pako wazi. Miaka thelathini na miwili, Ruba, na pako wazi."

"Kwa nini hukushuka, Bibi?"

"Nilikuwa na hasira ya nyumba. Wao wamo ndani, sisi tumo garini. Na mkononi nna bangili sita za dhahabu. Nikaogopa atanitazama mkono. Nikamwambia dereva, twende." Akazizungusha bangili mkononi. "Tangu siku ile ndio nasema hakukaliki. Maana kama hakukaliki, basi mie sina kosa."

Ruba alitaka kusema neno la kumfariji. Alikuwa na mengi, na yote yalikuwa mazuri, lakini aliona hayatoshi. Akamshika mkono.

"Kesho utarudi mapema?" aliuliza Bi Muhsina. "Ngazi za mlangoni siziwezi peke yangu."

Jumapili, saa kumi alasiri, joto lilikuwa nyuzi arubaini na tatu. Bi Muhsina alitoka akiegemea bega la Ruba. Mkononi hakuvaa kitu. Bi Wadha na wenziwe walinyanyuka, wakachukua viti vyao wakasogea mbali, kwa kuwa waliona mwenye pahala kaja.

Mwanamize hakugeuka. "Umechelewa, shoga," alisema.

"Foleni," akajibu Bi Muhsina.

Wakacheka wote wawili, kicheko cha wasichana, kikaisha upesi. Bi Muhsina akakaa. Nafasi ilikuwa ya mtoto wa miaka kumi na miwili na yeye alikuwa amenenepa, lakini alienea. Wakautazama mtaa. Magari manne yalipita, vioo vyote vimefungwa. Hapakuwa na mpita njia wa kumsema.

"Mwanamize. Mwaka wa tisini na sita..."

"Gari jeupe," alisema Mwanamize. "Nilikuona. Ulipunguza mwendo, kisha ukaondoka. Nikajisemea, labda kaona hapatoshi." Akapigapiga chokaa kwa kiganja. "Nikasogea. Tangu siku ile nakaa huku ukingoni kabisa. Huoni nilivyopabonyeza?"

Bi Muhsina akajifunika uso kwa mtandio. Mwanamize alimwacha alie mpaka amalize, hakumwambia nyamaza. Adhana ya Maghrib ilipokaribia, akateremka barazani, akanyoosha kanga.

"Mie nakwenda, shoga. Miguu imekufa ganzi, na huko hawajui niliko."

"Utarudi?"

"Nakwenda narudi. Nishikie pahala pangu."

"Inshallah," alisema Bi Muhsina.

Ruba alimtazama akiondoka kandokando ya kuta ndefu zisizo na milango ya kubishwa hodi. Kwenye kona alisubiri gari lipite, akavuka kuelekea barabara kuu, hakuonekana tena.

Jumatatu saa mbili walikuja mafundi watatu, wakalivunja baraza kwa nyundo na kuyapakia mawe kwenye lori. Lilikuwa jepesi kuliko walivyodhani. Ukuta ukapakwa rangi, na pipa la taka likarudi mahali pake. Badr, aliyesimamia, alimwambia Ruba kwa sauti ya chini kwamba sheria inahusu majengo, na kitu kinachobebwa si jengo. Siku hiyohiyo Ruba alinunua benchi la mbao.

Kazini aliongeza safu moja katika jedwali: watu wanaoshikiwa mahali. Mkuu wake, Bwana Yaqdhan, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliisoma mara mbili.

"Hii inapimwa kwa nini?"

"Kwa miaka."

Bwana Yaqdhan akatabasamu, akaifuta. Ripoti ikachapwa kwa karatasi ya kung'aa. Maskat ilikuwa ya pili na Unguja ya kumi. Unguja ilipewa alama za ziada kwa hoteli mpya zilizofunguliwa katika majumba ya kale.

Ruba alikuwa amemwahidi bibi yake kulitoa benchi kila siku saa kumi kasorobo na kulirudisha ndani baada ya adhana. Ofisi ilitaka wafanyakazi wakae mpaka saa kumi na moja. Alieleza, wakamwelewa, na mkataba wake ulipokwisha haukuongezwa.

Mwezi wa saba Bi Wadha alitoka mara mbili na dele lake. Mwezi wa nane hakutoka. Mlango wake una kamera sasa, na Ruba amerudia kumjua kwa gari lake. Daktari amemwambia Bi Muhsina kwamba joto linamwongezea presha na kwamba magoti yake yanataka pumziko. Amemsikiliza vizuri, na saa kumi ametoka. Hukaa upande mmoja wa benchi, mkono juu ya nafasi tupu. Mzee Saeed alipotaka kumtania kwa kukaa hapo, aliambiwa pana mtu, akaenda kuleta ndoo. Siku za Ijumaa miji inapangwa bado, bila hakimu.

Jana alasiri gari moja lilipunguza mwendo mbele ya geti. Vioo vyake vilikuwa vyeusi, haikuonekana nani yumo. Likasimama kidogo, taa za nyuma zikawaka nyekundu. Bi Muhsina akaliangalia. Kisha akajikokota kwa magoti yake mabovu, akasogea ukingoni mwa benchi kabisa, isije ikaonekana hapatoshi.

Gari likaondoka. Ruba akaketi chini, kwenye saruji iliyokuwa bado na moto, wakangoja adhana.